Ukiinua Nyuma ya Land Rover 109, Pima na Pembe ya Propela

Land Rover Series III ziliacha kuundwa mwaka 1985, lakini yangu, 109 yenye springi za vyuma vilivyopangwa, bado inabeba alizeti hapa Misigiri. Mzigo wa miaka umezilaza springi za nyuma mpaka gari likakaa kama fisi.

Ushauri wa mafundi wa njia panda ni mwepesi: ongeza chuma kimoja kwenye springi, au funga shakeli ndefu. Chuma sawa. Shakeli ndefu siipendi, maana hushusha ncha moja tu ya springi, ekseli ikazunguka na pua ya difu ikatazama juu. Hapo ndipo propela inapoanza kulalamika. Krosi iliyo kwenye pembe huharakisha na kupunguza mzunguko mara mbili kila duru. Krosi ya pili huifuta kasoro hiyo iwapo tu flenji ya difu na ile ya giaboksi ziko sambamba.

Kabla ya kufungua chochote, wekea mawe magurudumu yote. Kwenye gari hili breki ya mkono iko nyuma ya giaboksi, inashika kupitia propela. Ukiitoa propela, huna breki ya mkono, hata ukivuta wenzo mpaka juu. Mafundi wa magari mapya hushangaa sana. Piga alama ya rangi pale propela inapoteleza, ili ukiirudisha krosi zikae kwenye mstari uleule.

Pembe naipima kwa pimamaji ya simu juu ya flenji, gari likiwa mahali tambarare, limesimama kwa magurudumu yake na magunia yake ya kawaida. Gari tupu litakudanganya. Tofauti ikizidi digrii 1, naweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, napima tena. Tazama pia paipu ya breki isivutike. Bolti za bushi zikaze mwisho, uzito ukiwa chini, la sivyo mpira unakatika.

Kajaribu barabara ya Sekenke kuelekea Shelui. Kwa mtetemo unaofuata kasi ya gari, na usiobadilika ukikanyaga klachi, usiilaumu injini. Rudi kwenye propela na magurudumu. Ukifika salama, kaza yubolti upya: baada ya mzigo wa kwanza huwa zimelegea.