Daktari, hii picha inasema atapona?

Swali hili huulizwa mlangoni pa chumba cha eksirei, mgonjwa akiwa bado kwenye benchi na ndugu yake ameshika bahasha ya kaki. Nimeulizwa na wakulima wa Kilosa, nimeulizwa na wauza matunda wa kando ya barabara kuu pale Mikumi. Nililisikia zaidi mwaka 2020 na 2021, siku zile watu waliposema "changamoto ya upumuaji" na wote tukaelewa kuwa ni UVIKO-19. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi mara kwa mara kuhusu picha ya kifua na homa ya mapafu inayoletwa na virusi, nikayajibu kwa urefu ambao foleni ya kliniki hainiruhusu.

Baba ameambiwa mapafu yote mawili yana madoa. Ndiyo basi tena?

Hapana. Pafu zima limejaa hewa, na hewa kwenye picha ni nyeusi. Virusi vikishuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, vifuko huvimba na kujaa majimaji, na palipokuwa peusi panaanza kutanda ukungu mweupe. Virusi vya UVIKO-19 vina tabia ya kushika pande zote mbili, hasa chini na pembeni, na mafua makali nayo mara nyingi hufanya hivyo. Kwa hiyo neno "yote mawili" peke yake halitoi hukumu. Tunachotazama ni ukungu umeenea kiasi gani, na ni mzito kiasi gani.

Kuna namna ya kuuhesabu. Madaktari wa Brescia, mji wa kaskazini mwa Italia ulioumizwa sana mwanzoni mwa 2020, waliigawa picha ya kawaida ya eksirei katika kanda sita, tatu kila upande, kila kanda wakaipa alama 0 hadi 3. Aliyeshikwa kote anapata 18. Kwa CT-Scan, ambayo huyaonyesha mapafu vipande vipande kama mkate wa kukatwa, hutumika alama 25: mapafu yana sehemu tano, kila sehemu hupewa 0 hadi 5. Waliofia hospitalini walikuwa na alama za juu kuliko waliorudi nyumbani. Lakini huo ni wastani wa watu wengi, na baba yako ni mtu mmoja. Nimemwona kijana ambaye picha yake ilikuwa nyeupe karibu yote akitoka wodini kwa miguu yake. Nimemwona pia mzee mwenye kisukari, ukungu wake mdogo tu, tukampoteza siku ya nne.

Waingereza mwaka huohuo wa 2020 walitumia kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa waliolazwa kutengeneza kipimo cha kukadiria nani yuko hatarini kufa. Walibakiza mambo manane: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine aliyonayo mtu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, fahamu, na vipimo viwili vya damu. Picha ya kifua haimo, na kipimo hicho kilifanya kazi vizuri. Ndiyo maana ukiniletea bahasha, kabla sijaifungua nitakuuliza baba ana umri gani na anapumuaje.

Mume wangu alipigwa picha siku ya pili ya homa, tukaambiwa kifua kisafi. Wiki moja baadaye kazidiwa. Nani alikosea?

Dada, huenda hakuna aliyekosea. UVIKO-19 una kalenda yake. Kule China, wagonjwa 36 walipigwa CT-Scan ndani ya siku mbili za kwanza za dalili, na 20 kati yao mapafu hayakuonyesha kitu. Na ilikuwa CT-Scan, yenye macho makali kuliko eksirei. Ukungu huongezeka siku hadi siku, na kwa wengi hufika kileleni karibu na siku ya kumi, ndipo huanza kupungua.

Picha isiyo na tarehe ya kuanza homa ni nusu ya habari. Ukungu wa wastani siku ya tatu unanitia wasiwasi kuliko ukungu uleule siku ya kumi na mbili, kwa sababu wa kwanza bado unapanda. Andikeni nyumbani siku homa ilipoanza, hata kwa kalamu ya makaa ukutani.

Mama yuko kitandani Mikumi. Watu wanasema akimbizwe Morogoro akapigwe CT-Scan. Twende?

Hili ndilo swali ninalotamani kila familia iniulize kabla gari halijawashwa.

Kwanza mhesabu pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia, bila kumwambia unahesabu. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 30, hiyo ni hatari. Kisha kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho siku hizi kipo vituo vingi: chini ya 90 ni hatari vilevile. Akiwa amechanganyikiwa, hamtambui mwanawe, hiyo ni hatari ya tatu. Mama mwenye moja ya hizo anahitaji oksijeni palepale alipo, sasa hivi. Akipewa rufaa, iwe ni kwa ajili ya oksijeni, madaktari na manesi wa kumwangalia usiku kucha. Picha inakuja baada ya hapo.

Nalisema kwa uzito kwa sababu najua ile barabara. Mikumi hadi Morogoro mjini ni kilomita zipatazo 120, na kiasi cha 50 kati ya hizo zinapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako dereva analazimika kwenda polepole kwa ajili ya tembo na twiga wanaovuka. Mgonjwa aliyepakiwa bila mtungi wa oksijeni anaweza kuishiwa nguvu njiani, na picha nzuri kuliko zote haitamrudishia saa alizopoteza barabarani.

Hata dawa ya UVIKO-19 ilifuata oksijeni. Mwezi Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa rahisi na ya siku nyingi, ilipunguza vifo kwa theluthi kati ya waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kati ya waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Kilichoonyesha nani apewe dawa kilikuwa uhitaji wa oksijeni.

Basi picha ina kazi gani kwenye kutabiri? Ina kazi, na hapa ndipo naithamini. Fikiria mtu wa siku ya sita, oksijeni 93, anaongea, anaomba aende zake nyumbani Kidodi, au Ulaya ya hukuhuku Kilosa, akapumzike. Eksirei ya kawaida ikionyesha ukungu mpana pande zote, simruhusu. Namlaza, au nampa rufaa mchana huohuo wakati bado anaweza kukaa wima kwenye gari. Kesho usiku ingekuwa habari nyingine. Na CT-Scan nayo ina wagonjwa wake: anayeshukiwa damu kuganda kwenye mishipa ya mapafu, au ambaye hali yake hailingani na eksirei yake. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Nilifurahi, na ningefurahi vilevile kuona kila zahanati ya Kilosa ina kipima oksijeni chenye betri zinazofanya kazi.

Kipima cha kidoleni kinaweza kudanganya?

Kinaweza, na sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua hili. Mwishoni mwa 2020 madaktari wa Marekani walilinganisha namba za kidoleni na damu iliyopimwa maabara. Kwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma 92 hadi 96, karibu 12 katika kila 100 weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe walikuwa karibu 4. Mwanga wa kile kifaa hupita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huuvuruga. Kwa hiyo 93 ya mtu wetu naipokea kwa tahadhari, na hesabu ya pumzi naipa sauti kubwa zaidi. Miji ya Kilosa na Mikumi iko chini, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo namba ikishuka usisingizie mwinuko.

Mama amepika kwa kuni na mkaa miaka arobaini, na aliwahi kuugua kifua kikuu. Hiyo inaharibu picha?

Inaichanganya sana. Makovu ya kifua kikuu hubaki maisha yote, na moshi wa jikoni huacha alama zake. Ukungu unaofanana na wa virusi huletwa pia na nimonia inayowapata wenye VVU ambao hawajaanza dawa. Mtu asiyeijua historia ya mama anaweza kuhesabu makovu ya zamani kama ugonjwa mpya, na alama zikapanda bure. Njoo na picha ya zamani, hata kama imekunjamana.

Nasikia kompyuta sasa inasoma picha na kutabiri nani atakufa.

Kwa kifua kikuu, programu za kompyuta zimefika mbali, na Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwaka 2021 kwa uchunguzi wa watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa UVIKO-19 mambo yalikuwa tofauti. Watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walichambua kwa undani tafiti 62 za programu za kutambua au kutabiri ugonjwa kwa picha. Hawakukuta hata moja iliyofaa kutumika kwa mgonjwa. Baadhi zilifundishwa kwa picha za watoto kama mfano wa "wasio na UVIKO" na za watu wazima kama mfano wa wagonjwa, kwa hiyo mashine ikajifunza kumtofautisha mtoto na mtu mzima. Programu itakayoletwa hapa naiomba ipimwe kwanza kwa vifua vya hapa, vyenye moshi wa mkaa na makovu ya kifua kikuu.

Mionzi je?

Eksirei moja ya kifua ni kama siku kumi za mionzi ya asili tunayopata kila siku. CT-Scan ya kifua inaweza kufikia mara 70 ya hiyo eksirei. Ikihitajika, usiiogope. Ya kujiridhisha tu, iache.

Amepona. Picha irudiwe lini?

Anayepumua vizuri na kurudi shambani bila kuhema, mara nyingi hahitaji haraka. Anayebaki na kikohozi au kuchoka, arudi baada ya wiki 12 hivi, maana ukungu mwingi huwa umeondoka na kinachobaki ndicho cha kuchunguzwa. Bahasha ya kaki msiiweke juani wala chini ya godoro. Iandikeni tarehe homa ilipoanza na tarehe ya picha, kisha mje nayo.