SOMO LA MWEZI: KUWASIKILIZA WENZETU KAZINI

Soma: Kutoka 18:13–24



Tuseme karani aliyekuwa hodari ameanza kuchelewa. Hesabu zake zina makosa, na akiulizwa hujibu kwa ukali. Wenzake wanasema ana kiburi. Mkubwa wake ameshaandika barua ya onyo. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Ndugu, kuna nini?" Huenda anauguza nyumbani, au hapati usingizi, au amebebeshwa kazi ya watu wawili.

Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Kwanza alitazama. Pili aliuliza, akasikiliza jibu. Tatu ndipo akashauri. Wala hakumwambia Musa ajikaze, bali alimshauri agawe mzigo ule kwa wengine.

Pengine utasema kazi ya kusikiliza ni ya wataalamu. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa Kianglikana, Chad Varah, alianza kuwapokea watu waliokata tamaa ya kuishi, kwa simu na ana kwa ana, katika kanisa la St Stephen Walbrook, London. Watu wakawa wengi. Wasaidizi wa kujitolea wakakaa na wale waliongoja zamu, wakawapa chai na kuwasikiliza. Kasisi akaona kwamba wengi walipata nafuu pale pale, wasihitaji tena kumwona yeye. Februari 1954 akawakabidhi wasaidizi hao kazi ya kusikiliza. Hivyo ndivyo kilivyokua chama cha Samaritans, ambacho kingali kikifanya kazi hata leo.

Basi ustadi huu hufundishika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri wasimamizi wa kazi wafundishwe kuwatambua na kuwasaidia wafanyakazi waliolemewa, na mazingira ya kazi yenyewe yarekebishwe.

Yatupasa tufanye hivi:

1. Mwite mwenzako faraghani, si mbele ya watu.

2. Sema ulichokiona, si unachomdhania: "Juma hili umechelewa mara tatu. Kuna tatizo?" Kisha nyamaza umpe nafasi.

3. Usimkatize, usimhubirie, wala usianze kusimulia shida zako.

4. Tunza siri yake. Ikivuja mara moja, hakuna atakayekuja tena.

5. Mwulize ni jambo gani la kazi laweza kupunguzwa au kubadilishwa, na ulilomwahidi ulitimize.

6. Akizidi kukosa usingizi na hamu ya chakula, mshauri aende hospitali. Akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke siku ile ile. Maradhi ya akili hutibiwa kama maradhi mengine. Si aibu, wala si upungufu wa imani.

Kusikiliza hakufuti makosa. Hesabu za karani yule bado zitasahihishwa, na pengine onyo litakuwa la haki. Lakini swali litangulie barua. Barua ikitangulia, twaweza kumpoteza mfanyakazi, na hata mtu mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza:

(a) Je, mahali pako pa kazi mtu aliyelemewa aweza kumwendea nani bila hofu?

(b) Ni nani kazini aliyebadilika siku hizi, nawe hujamwuliza habari zake?