Faida Hii Inatoka Wapi? Mwanafunzi wa Chuo na Hatua za Kwanza za Uwekezaji

Somo letu la leo tunalielekeza hasa kwa vijana walioko vyuoni, ingawa mzazi anayewalipia ada na mseminari anayejiandaa kuwachunga wataona kuwa linawahusu. Bumu likiingia tu, ujumbe husambaa katika makundi ya WhatsApp: weka elfu hamsini leo, wiki ijayo chukua laki. Kijana anajiuliza, je, huu nao si uwekezaji? Wengine, wenye dhamiri nyepesi kushtuka, wanauliza kinyume chake: Kanisa si lilikataza tangu zamani kuipatia faida fedha iliyokaa tu? Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo lilitolewa katika karne ya 13.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 78), anakataza kumtoza mtu riba kwa sababu tu umemkopesha. Lakini papo hapo anatofautisha mkopo na ubia. Anayekopesha amehamisha umiliki wa fedha: ikipotea, deni liko palepale na hasara ni ya aliyekopa. Anayemkabidhi mfanyabiashara au fundi fedha yake kwa ubia bado ni mwenye mali. Kazi inafanyika kwa mali yake, na ikiharibika anaumia yeye. Kwa sababu hiyo ana haki ya kudai sehemu ya faida. Mwenye hisa wa leo ni mbia wa namna hiyo. Hati fungani, kwa kuwa ni mkopo, iliwasumbua wanateolojia kwa muda mrefu zaidi; Papa Benedikto XIV, katika waraka Vix pervenit wa mwaka 1745, alikubali kwamba zipo sababu halali, nje ya mkopo wenyewe, za kupokea zaidi ya kile kilichotolewa.

Kwa hiyo kijana aulize mambo mawili kabla hajatoa shilingi: faida hii inatokana na kazi gani, na hasara ikitokea ni ya nani? Anayesema hasara haiwezekani kabisa, mwepukeni. Wengi tunaikumbuka DECI, ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009. Watu walikuwa “wakipanda mbegu” na kusubiri “kuvuna”, maneno yaliyosikika kama ya Injili. Lakini hapakuwa na shamba. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na wa mwisho wakabaki mikono mitupu. Majina hubadilika, siku hizi ni programu za kwenye simu, ila kazi inayozaa faida bado haionekani.

Sasa, pa kuanzia ni wapi? Kwanza kijana atambue fedha ipi ni yake. Bumu ni mkopo uliotolewa ale, apate malazi na asome. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Ada aliyotumiwa na mama yake aliyeuza mahindi haiwekezwi hata kwa wiki moja, maana hiyo ina kazi yake tayari. Kinachobaki baada ya chakula, na baada ya kutenga kidogo kwa ajili ya ugonjwa au nauli ya msiba, ndicho tunachozungumzia. Mara nyingi ni kidogo, na si aibu.

Kwa fedha ndogo ya namna hii, tunaona njia nyepesi zaidi ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS ni taasisi ya umma, na Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005. Mwekezaji hununua vipande. Fedha za wengi hukusanywa na kuwekwa katika hati fungani, amana za benki au hisa, kulingana na mfuko. Thamani ya kipande hutangazwa, nayo inaweza kupanda au kushuka. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1998, linafaa kwa mwenye subira ya miaka: unafungua akaunti kupitia dalali aliyesajiliwa, unanunua hisa, na kampuni ikipata faida na kuamua kuigawa, unapokea gawio. Hati fungani za Serikali huanzia shilingi milioni moja, kwa hiyo wanafunzi wengi wazisubiri kwanza. Dalali au mfuko wowote uhakikiwe kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ni hatua ndogo, na ingewaokoa wengi.

Tupige hesabu ya mfano. Anayeweka shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka mitatu ya chuo ametoa 360,000. Tukichukulia faida ya asilimia 10 kwa mwaka, inayoachwa izae tena, atakuwa na takribani 417,000. Si utajiri. Lakini akiziacha, kwa kiwango hicho zitakaribia kuwa maradufu kila baada ya miaka saba, na naye ana miaka mingi mbele yake, kitu ambacho baba yake hana. Asisahau pia mfumuko wa bei: ukiwa asilimia 3 au 4, faida halisi si 10 tena. Na mwezi asipopata kitu, asikope ili aweke.

Neno kwa waseminari. Kanuni ya 286 ya Sheria ya Kanisa inawakataza makleri kufanya biashara bila ruhusa ya mamlaka halali, na kununua na kuuza kila siku ili kuwinda faida ya haraka ni vigumu kukutenganisha na biashara. Hata hivyo kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wawekeze ziada kwa faida ya taasisi, kwa idhini ya mkuu husika. Paroko asiyejua kipande ni nini atasaini karatasi atakazoletewa, na fedha zenyewe ni sadaka za waamini. Anayetaka kujifunza aanze na taarifa ya mwaka ya mfuko mmoja: atafute ukurasa unaoonyesha fedha zimewekwa wapi, kisha ausome na wenzake darasani.