Vijana wa Bern: Klabu ya Uswisi Iliyotoka Daraja la Pili Ikafika Nusu-Fainali ya Ulaya

Uswisi ni nchi ndogo katikati ya Ulaya, yenye milima mirefu na maziwa mengi. Eneo lake ni maili za mraba 16,000 hivi, na katika mwaka 1950 watu wake hawakufika milioni tano. Hawana lugha moja. Wako wasemao Kijerumani, wako wa Kifaransa, wako wa Kiitaliano, na wachache husema Kiromanshi. Nchi hiyo haikuingia katika Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ya majirani zake ilikuwa magofu, lakini viwanja vya mpira vya Uswisi vilikuwa vizima. Basi mwaka 1946 wakuu wa FIFA, chama kinachosimamia mpira wa miguu duniani, walipotafuta nchi ya kuandaa Kombe la Dunia la mwaka 1954, waliichagua Uswisi.

Habari zinazofuata ni za klabu moja ya nchi hiyo, iliyo katika mji mkuu wa Bern. Jina lake ni Young Boys, na rangi zake ni manjano na nyeusi. Msomaji asishangae kuona klabu ya watu wasemao Kijerumani ikiitwa kwa Kiingereza. Mpira wa miguu uliletwa Uswisi na Waingereza, wengi wao wakiwa wanafunzi na wafanya biashara, na majina ya Kiingereza yakabaki hata baada ya wenyewe kuondoka. Katika mji wa Zurich iko klabu iitwayo Grasshopper, yaani Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1886. Katika mji wa Basel iko nyingine iitwayo Old Boys, maana yake wanafunzi wa zamani. Vijana wa Bern walipoanzisha klabu yao mwaka 1898 walijiita Young Boys, kana kwamba wanawajibu hao wazee wa Basel.

KUSHUKA NA KUPANDA

Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Uswisi mwaka 1945, na watu wakadhani siku njema zimefika. Haikuwa hivyo. Mwaka 1947 ilishindwa vibaya katika ligi ikashushwa hadi daraja la pili, nayo ikakaa huko mpaka mwaka 1950. Kwa klabu ya mji mkuu, yenye uwanja mkubwa wa Wankdorf uliofunguliwa mwaka 1925, hilo lilikuwa jambo la aibu. Uwanja mpana wenye watazamaji wachache huonyesha upungufu wa timu kuliko gazeti lolote.

Mwaka 1951 wakuu wa klabu walifanya jambo lililohitaji moyo: walimwita Mjerumani awe mwalimu wao. Huyo alikuwa Bwana Albert Sing, aliyezaliwa mwaka 1917, ambaye aliichezea timu ya taifa ya Ujerumani mara tisa kati ya mwaka 1940 na 1942. Ikumbukwe kwamba vita vilikuwa vimekwisha miaka sita tu. Ujerumani ilikuwa imetengwa na FIFA, na ilirudishwa mwaka 1950 tu. Hata hivyo Waswisi walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Mchezo wa kwanza wa timu ya Ujerumani ya Magharibi baada ya vita ulichezwa Stuttgart Novemba 1950, na wageni waliokubali kuja kucheza nao walikuwa Waswisi. Hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa ni hao hao, mwaka 1920, waliokuwa wa kwanza kucheza na Wajerumani. Wako waliowalaumu kwa hayo nyakati zote mbili. Lakini mtu aliye jirani wa mlango na mlango hawezi kununa milele.

Bwana Sing alikuja akiwa mwalimu na mchezaji kwa pamoja. Aliwafundisha wenzake jioni, na siku ya mchezo akavaa viatu akaingia uwanjani pamoja nao. Kazi ya namna hiyo ni ngumu, maana mwalimu akikosea pasi mbele ya wanafunzi wake hana pa kujificha. Wachezaji wa Uswisi katika miaka hiyo hawakuishi kwa mpira peke yake kama wale wa Uingereza au wa Italia. Wengi walikuwa na kazi zao za mchana, nao walikuja mazoezini kazi zilipokwisha. Kwa hiyo mwalimu hakuwa na saa nyingi za kuwafundisha, na ilimpasa achague kwa busara jambo la kuwafundisha kila jioni.

Mwaka 1953 klabu ilitwaa Kombe la Uswisi. Mwaka huo huo alifika kutoka Schaffhausen mshambuliaji aitwaye Eugen Meier, ambaye watu wa Bern walimwita Geni. Huyu ndiye aliyekuwa jicho la timu kwa miaka mingi, na jina lake limo katika orodha ya wafungaji wakubwa wa klabu hiyo tangu ianze mpaka leo.

MCHEZO WA KOMEO

Hapa inafaa kueleza kidogo jinsi Waswisi walivyocheza. Mwalimu wa taifa katika sehemu kubwa ya miaka ile alikuwa Bwana Karl Rappan, mtu wa Austria. Yeye aliona kwamba wachezaji wake, mmoja kwa mmoja, hawawezi kushindana na wale wa nchi kubwa kwa nguvu wala kwa ufundi. Basi aliwarudisha watu nyuma, akamweka beki mmoja peke yake nyuma ya mabeki wengine, asiye na mtu maalumu wa kumlinda. Kazi yake ilikuwa kumzuia adui yeyote aliyepenya. Mpango huo uliitwa kwa Kifaransa jina lenye maana ya komeo, yaani kile kipande cha mti au chuma kinachofunga mlango kwa ndani. Kwa komeo hilo Uswisi iliwashinda Wajerumani mabao 4 kwa 2 katika Kombe la Dunia la mwaka 1938 huko Paris. Baadaye Waitaliano walijulikana sana kwa mchezo wa namna hiyo, na wengi wakasahau ulikotoka.

Komeo halikuzuia kila mwizi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1954, Uswisi iliishinda Italia mara mbili, na Geni Meier alicheza katika mchezo wa kwanza. Kisha walikutana na Austria mjini Lausanne, wakafunga mabao matatu ya kwanza, na mwisho wakashindwa 7 kwa 5. Mabao kumi na mawili katika mchezo mmoja wa Kombe la Dunia hayajapata kuonekana tena.

Fainali ya mashindano hayo ilichezwa Wankdorf, nyumbani kwa Young Boys, tarehe 4 Julai 1954, mvua ikinyesha. Uwanja ulikuwa umejengwa upya kwa ajili hiyo. Hungaria, iliyokuwa haijashindwa kwa miaka minne, ilifungwa na Ujerumani ya Magharibi 3 kwa 2. Mwalimu wa Wajerumani, Bwana Sepp Herberger, alikuwa amemfundisha Albert Sing katika timu ya taifa zamani. Na katika siku hizo Sing, aliyekwisha kuizoea nchi, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia.

MIAKA MINNE

Mwaka 1957 Young Boys ilishinda ligi ya Uswisi. Tangu mwaka 1929 ilikuwa haijapata heshima hiyo. Mwaka 1958 ilishinda tena, na Kombe pia. Mwaka 1959 tena, na mwaka 1960 tena. Ushindi wa miaka minne mfululizo si jambo dogo katika nchi ambayo Zurich, Basel, Geneva na Lausanne zote zina klabu zenye nguvu. Golini alisimama Walter Eich. Nyuma alikuwako Heinz Schneiter, ambaye baadaye aliichezea Uswisi katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 na la mwaka 1966. Mbele, pamoja na Meier, alikuwako Mjerumani mwingine, Ernst Wechselberger.

Mshindi wa ligi ya kila nchi alipata nafasi ya kuingia katika Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya, mashindano yaliyoanza mwaka 1955. Sheria yake ilikuwa hivi: timu mbili hukutana mara mbili, kila moja ikiwa mwenyeji mara moja, na mabao ya michezo yote miwili hujumlishwa. Yakilingana, katika miaka hiyo, walicheza mara ya tatu katika mji usio wa yeyote kati yao. Mara ya kwanza, msimu wa 1957-58, Young Boys ilitolewa mapema na Vasas ya Budapest kwa jumla ya mabao 3 kwa 2.

Msimu uliofuata ulianza kwa namna isiyotazamiwa. Kura iliwapangia Manchester United ya Uingereza. Klabu hiyo ilikuwa imepoteza wachezaji wanane katika ajali ya ndege mjini Munich, tarehe 6 Februari 1958. Kwa kuwahurumia na kuwaheshimu, wakuu wa mpira wa Ulaya waliikaribisha katika mashindano ingawa haikuwa mshindi wa ligi ya nchi yake. Lakini wakuu wa mpira wa Uingereza walikataa. Basi Young Boys ilipita bila kucheza. Hata hivyo klabu hizo mbili zilikutana kwa urafiki mara mbili, Bern na Manchester, na kila moja ilishinda kwao. Ni haki kusema kwamba watu wa Bern walifunguliwa mlango wa kwanza bila kubisha. Milango iliyofuata waliifungua wenyewe.

Waliofuata walikuwa MTK ya Budapest, klabu iliyowatoa Hidegkuti, Lantos na Zakariás, watatu kati ya Wahungaria waliocheza fainali ya 1954. Young Boys ilikwenda Budapest ikashinda 2 kwa 1, kisha nyumbani ikashinda 4 kwa 1. Baada ya hapo ilikuja timu ya Wismut Karl-Marx-Stadt, kutoka Ujerumani ya Mashariki, timu ya watu wa migodi. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Bern walitoka sare 2 kwa 2, ugenini sare bila bao. Ikalazimu mchezo wa tatu, nao ulichezwa Amsterdam katika nchi ya Uholanzi. Young Boys ilishinda 2 kwa 1, ikawa moja ya timu nne zilizobaki katika Ulaya nzima.

BERN NA PARIS

Adui wa nusu-fainali alikuwa Reims ya Ufaransa. Timu hiyo ilikuwa imefika fainali ya kwanza ya kombe hilo mwaka 1956, ikashindwa na Real Madrid kwa bao moja tu, 4 kwa 3. Ilikuwa na Just Fontaine, aliyefunga mabao 13 katika Kombe la Dunia la mwaka 1958, hesabu ambayo hakuna aliyeifikia katika mashindano mamoja mpaka leo; tena ilikuwa na Roger Piantoni na nahodha wake Robert Jonquet. Hao walikuwa watu ambao mpira ndio kazi yao na mshahara wao.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Wankdorf, Aprili 1959. Watu wapatao 60,000 walijaa uwanjani, katika mji ambao wakazi wake wote hawakuzidi 170,000. Mapema katika kipindi cha kwanza Geni Meier alifunga. Bao likawa hilo hilo moja hadi mwisho. Kwa jioni hiyo, klabu iliyokuwa daraja la pili miaka tisa iliyotangulia ilikuwa mbele ya moja ya timu bora za dunia.

Lakini bao moja ni akiba ndogo ya kusafiri nayo. Mwezi uliofuata walikwenda Paris, maana Reims ilicheza michezo yake mikubwa huko katika uwanja wa Parc des Princes. Komeo halikushika, na mbele hawakupata kitu. Reims ilishinda 3 kwa 0. Wafaransa walikwenda Stuttgart kucheza fainali, wakashindwa na Real Madrid 2 kwa 0, na Young Boys ilirudi kwenye ligi yake.

Wako wasemao kwamba lau wangalipata la pili Bern, Paris ingalikuwa habari nyingine. Yawezekana, lakini mabao matatu yangaliyameza hata mawili. Tofauti iliyoonekana Paris haikuwa ya bahati. Upande mmoja walikuwa watu wa mpira kila siku, upande wa pili watu wa mpira wa jioni, na katika dakika mia na themanini za michezo miwili tofauti hiyo ilijitokeza nusu ya pili ya safari.

Msimu wa 1959-60 Young Boys ilikutana na Eintracht Frankfurt, ikafungwa 4 kwa 1 nyumbani, kisha sare 1 kwa 1. Frankfurt ndiyo iliyofika fainali mwaka huo ikafungwa na Real Madrid 7 kwa 3, mchezo ambao wazee wa Ulaya waliusimulia kwa miaka mingi. Msimu wa 1960-61 watu wa Bern waliishinda Limerick ya Ireland, kisha Hamburg ikawafunga 5 kwa 0 katika mchezo wa kwanza, na ule wa pili wakatoka sare 3 kwa 3. Mwaka 1961 ligi ya Uswisi ikaenda kwa Servette ya Geneva.

Bwana Sing alikaa Bern hadi mwaka 1964, jumla ya miaka kumi na mitatu, kisha akafundisha klabu nyingine za Uswisi na za Ujerumani. Alifariki mwaka 2008. Baada ya mwaka 1960 klabu haikushinda ligi mpaka mwaka 1986, na baada ya huo haikushinda tena mpaka mwaka 2018. Uwanja wa zamani wa Wankdorf ulibomolewa mwaka 2001, na mwingine ukajengwa mahali pale pale, ukafunguliwa mwaka 2005.