UKURASA WA AFYA: Tumbo Likifunguliwa, Je, na Kifuko cha Nyongo Kitolewe?



Zamani unene ulihesabiwa kuwa dalili ya neema. Leo tunajua kwamba unene uliozidi mno huleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Kwa wale walioshindwa kupungua kwa chakula na mazoezi, upo upasuaji. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, hutoa huduma za kupunguza uzito. Tujifunze swali moja ambalo mgonjwa huulizwa kabla ya kisu: je, pamoja na mfuko wa chakula, kiungo kingine nacho kitolewe?

Upasuaji wenyewe

Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza, daktari huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, yapata robo tatu au zaidi, na kinachobaki hufanana na mrija. Ya pili, hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Baada ya hapo mgonjwa hula kidogo, na hutumia vitamini na madini maisha yake yote.

Nyongo inaingiaje hapa?

Ini hutengeneza nyongo, na kifuko chake huihifadhi ili isaidie kusaga mafuta. Uzito ukishuka haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi ndani ya nyongo. Tena, kwa kuwa mgonjwa anakula kidogo, kifuko hakijikamui vizuri. Nyongo ikituama, vijiwe hujitengeneza. Ndiyo maana wengine husema, “Kinga ni bora kuliko tiba, kitolewe mapema.” Lakini tupambanue hali tatu.

1. Kuna vijiwe, na vinauma. Hapa kwa kawaida madaktari hushauri kifuko kitolewe, ama siku hiyohiyo ama kwa upasuaji wa peke yake.

2. Kuna vijiwe, lakini haviumi. Hapa hupimwa faida na hasara. Mgonjwa anayeishi Mbebe ataje umbali. Kutoka kwetu hadi Mloganzila ni zaidi ya kilomita 800, na maumivu ya nyongo hayangoji basi la asubuhi.

3. Hakuna vijiwe. Kifuko kizima kwa kawaida huachwa. Kukiondoa huongeza muda wa upasuaji, na mirija ya nyongo inaweza kujeruhiwa. Zipo dawa za asidi ya ursodeoksikoliki, ambazo kwa kawaida hutumika miezi 6 baada ya upasuaji, nazo hupunguza hatari ya vijiwe.

Hali hizi hutambuliwa kwa kipimo cha ultrasaundi, kisichouma. Na anayetolewa kifuko asiogope: ini huendelea kutengeneza nyongo, ila wengine huharisha kwa muda.

Kanisa linatufundisha nini?

Mwili ni amana ya Mungu, nasi ni watunzaji wake. Tarehe 8 Oktoba 1953, Baba Mtakatifu Pio XII alieleza masharti matatu ya kuondoa kiungo: kubaki kwake au kufanya kazi kwake kuwe kunaleta madhara makubwa au hatari kwa mwili mzima, isiwepo njia nyingine ya kuyaepusha au kuyapunguza sana, na faida inayotarajiwa ifidie hasara. Alieleza pia kwamba si lazima kiungo chenyewe kiwe kigonjwa.

Katika hotuba hiyohiyo alikataa hoja hii kutumiwa kukata mirija ya uzazi iliyo mizima kwa hofu ya mimba ijayo, kwa sababu hatari hiyo haitoki katika mirija yenyewe. Basi mama akiambiwa, “Kwa kuwa umeshalazwa, tufunge na kizazi,” ajue kwamba hilo ni jambo jingine kabisa. Kweli, baada ya upasuaji huu hushauriwa kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18. Azungumze na mumewe na daktari, nao wajifunze njia za asili za kupanga uzazi.

Kabla ya kutia sahihi, uliza:

- Ultrasaundi imeonyesha nini?
- Kiungo hiki kina ugonjwa gani, au kinaleta hatari gani?
- Ipo dawa badala ya kisu?
- Nikikiacha, dalili zipi zinirudishe hospitali?
- Ukikuta jambo usilolitarajia, nakuruhusu kufanya nini, na nini hapana?

Majibu ya swali la mwisho yaandikwe kwenye fomu ya ridhaa, maana ukishalala usingizi wa dawa huwezi kuulizwa tena.

Na aliyekwisha kupasuliwa, akipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, homa, au macho kuwa ya manjano, awahi hospitali siku hiyohiyo. Asisubiri, wala asijitibu kwa mitishamba.

Mungu awajalie wagonjwa wetu utulivu wa kuuliza, na waganga wetu subira ya kujibu.