Kabla hujachimba mashimo ya parachichi, liweke shamba kwenye ramani

Vijana wa Kisondela! Kuna mwenzenu alishanunua miche ya Hass, akaanza kupima mashimo kwenye kipande kinachoteremka hadi mtoni. Tulipokichora kwenye kompyuta, mistari miwili ya chini ilikuwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Humo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu. Na parachichi si zao la msimu mmoja jamani.

Tulitumia R, programu ya bure, pamoja na kifurushi chake kiitwacho terra. Ramani ni kama kutandika kitanda: godoro kwanza, shuka baadaye. Godoro letu ni picha ya mwinuko ya SRTM, nayo ya bure. Kila kijisanduku chake ni takriban mita 30. Mto tuliupata kwa kutembea ukingoni na simu ikirekodi njia. Kona za shamba tuliziandika kwenye jedwali.

library(terra)
mwinuko <- rast("mwinuko.tif")
mto <- vect("mto.gpx", layer="tracks")
d <- read.csv("kona.csv")
kona <- vect(d, geom=c("lon","lat"), crs="EPSG:4326")
plot(mwinuko)
plot(buffer(mto, 60), border="red", add=TRUE)
plot(mto, col="blue", add=TRUE)
points(kona)

Usisahau add=TRUE. Ukiiacha, R inafuta picha ya kwanza na kuanza upya, unabaki na mto unaoelea hewani.

Wengi hukwama kwenye namba za simu. Longitudo inatangulia, kwetu ni kama 33.6, latitudo inafuata, nayo ina alama ya kutoa, kama -9.3. Ukisahau hiyo alama shamba lako linahamia Sudan Kusini. Ukizigeuza, liko baharini karibu na Moroko! R haitakugombeza, utaona tu ramani isiyo na nukta. Kama mpimaji amekupa mipaka kwa mita badala ya nyuzi, ibadilishe kwanza: project(mipaka, crs(mwinuko)).

Simu inakosea mita kadhaa, hasa chini ya migomba. Kwa hiyo kona zilizokuwa karibu na mstari mwekundu tulirudi kuzipima kwa futi kamba. Mwenzenu amehamishia miche upande wa juu, kule chini ameacha nyasi.