Mama, Shamba Lisikatwe Kabla ya Mchoro

*“Mume wangu kaniachia shamba la ekari mbili Chamazi, upande wa chini linafika mtoni. Mihogo na mchicha ndivyo vinavyonilisha. Wanangu wanataka tuuze, madalali hawaishi mlangoni. Mwenyekiti anasema mpango wa mji ukifika tutanyang'anywa bure. Nifanyeje?” Mama mjane, Temeke*

Mama, pole kwa msiba, na pole kwa kusumbuliwa ukiwa bado na majonzi. La kunyang'anywa bure si kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na mazao yako nayo huthaminiwa. Madalali wanaipenda hofu hiyo, kwani mwenye hofu huuza kwa bei ya kutupa.

Wanao nao wana hoja. Jiji limewafuata hapo mlipo: sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Jirani zenu wa Toangoma walipimiwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Manzese, watu walikatiana vipande kwa hatua za miguu, na leo kuna nyumba zisizofikiwa na gari la zimamoto wala la majitaka. Hilo naliogopea shamba lako kuliko mpango wowote wa serikali.

Basi msiuze hata kipande kwa sasa. Anzeni na mirathi: ukoo upendekeze msimamizi, mahakama imthibitishe. Bila yeye, si wewe wala mwanao mkubwa mwenye mamlaka ya kuuza. Kisha nenda idara ya mipango miji ya Manispaa ya Temeke, uombe kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu. Mwenyekiti anaijua mipaka, lakini si yeye anayepanga matumizi ya ardhi. Kama mchoro bado, kikao cha urasimishaji kikiitishwa nenda mwenyewe, useme wazi kwamba unataka sehemu ibaki ya kilimo. Kina mama wengi huwaachia wanaume vikao hivi, na bustani zao ndizo hugeuka viwanja.

Rai yangu: pimeni lote, mtenge njia, muuze viwanja vichache vya juu ikiwa wanao wana shida ya kweli. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi, kwa hiyo asije mtu akawauzia wenzake kiwanja pale. Palipobaki katikati pawe pa mihogo na mchicha. Watu wanaozidi kuhamia Chamazi watahitaji mboga, nawe utakuwa nayo jirani.

Mpaka mirathi na mchoro vikamilike, Mama, usitie dole gumba kwenye karatasi ya mtu yeyote.